Saa kamili au saa chache: hesabu ya mzazi anayelea peke yake

Katika kazi yangu ya ushauri wa ajira na hifadhi ya jamii, wazazi wanaolea watoto peke yao huniuliza swali hili kuliko lolote: nikiacha kazi ya saa chache nikachukua ya saa kamili, nitapata zaidi? Kwa mshahara ghafi, yaani kabla ya makato yoyote, jibu ni ndiyo, na halina ubishi. Lakini mzazi hali mshahara ghafi, kwa hiyo ninachotaka akijue kabla ya kutia saini ni kiasi ambacho kila saa atakayoongeza itamwachia mkononi, baada ya kila mwenye kudai kuchukua chake.

Mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa jambo hili. Miaka ya mwanzo ya kazi alinijia mama mmoja akiwa na barua ya mwajiri wake, iliyomtaka aongeze saa zake mara mbili. Nikazidisha saa kwa ujira, nikamwandikia jumla na kuipigia mstari, nikiwa nimeridhika kabisa. Aliitazama, akaigeuza karatasi, na kwa kalamu yangu mwenyewe akaandika nyuma yake maneno matatu: kodi, ruzuku, kituo cha mtoto. Kisha akanirudishia. Tangu siku hiyo huanza na upande ule wa nyuma.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye umbo nilionalo kila mara. Ujira ni 10 kwa saa. Mapato ya wiki hayatozwi kodi hadi 150, na yanayozidi hapo hutozwa asilimia 20. Ruzuku ya mzazi ni 100 kwa wiki, nayo hupunguzwa kwa nusu ya kila kinachozidi 100 katika mapato yaliyokwisha kukatwa kodi. Nauli ni 25, awe anafanya saa nyingi au chache, maadamu anakwenda kazini siku zote tano. Akifanya saa 20, zote wakati mtoto yuko shuleni, hulipia malezi 30 tu kwa vipindi vya hapa na pale. Analipwa 200, kodi inachukua 10, ruzuku inabaki 55, na baada ya malezi na nauli anashika 190. Akifanya saa 40 analipwa 400, kodi inachukua 50, ruzuku inakwisha kabisa, malezi yanapanda hadi 110, na mkononi anabaki na 215. Ameongeza saa 20 na mshahara wa 200, lakini kilichomfikia ni 25. Saa ambayo kwenye mkataba ina thamani ya 10, kwake ina thamani ya moja na robo.

Watu wengi huishia hapo, wakaona basi njia ya katikati ndiyo salama, yaani saa 30. Mara nyingi hapo ndipo penye shimo. Vituo vya kulelea watoto haviuzi saa mojamoja. Huuza mchana mzima, au wiki nzima. Mzazi anayetoka kazini saa mbili baada ya shule kufungwa hulipia kituo sawa na yule anayetoka saa nne baadaye. Katika mfano wetu, wa saa 30 analipwa 300, anakatwa kodi 30, ruzuku yake inashuka hadi 15, na malezi ni yale yale 110. Toa nauli, anabaki na 150, pungufu ya 40 kuliko alipokuwa akifanya saa 20. Mzazi anayelea pamoja na mwenzi nyumbani huweza kulikwepa shimo hili kwa kupokezana zamu na mwenzake, lakini anayelea peke yake hana wa kupokezana naye. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yao, kubwa hata kuliko tofauti ya mishahara.

Umbo hili hutokana na kanuni, na kanuni zikibadilika nalo hubadilika. Uingereza, chini ya mfumo wa zamani wa ruzuku za kodi, mzazi anayelea peke yake alipaswa kufanya kazi angalau saa 16 kwa wiki ili apate ruzuku ya wafanyakazi, na wengi walijibana hapo hapo kwenye saa 16, kwa kuwa zilizofuata hazikuwaongezea cha maana. Mfumo uliofuata, Universal Credit, umeondoa ngazi hiyo na kuweka mteremko: kiwango cha kupunguza msaada kilishushwa kutoka asilimia 63 hadi 55 mwishoni mwa 2021. Hata hivyo, mfanyakazi aliyekwisha kuvuka viwango vyote vya msamaha, akaongeza pauni 100, hulipa kodi ya mapato 20 na bima ya taifa 8, kisha asilimia 55 ya zile 72 zilizobaki hukatwa kwenye msaada wake. Zinamfikia pauni 32 na senti kidogo. Gharama za malezi hurudishiwa hadi asilimia 85, kwa kikomo maalumu, na bila fidia hiyo hata hizo 32 zingeyeyuka. Marekani imefuata njia nyingine tangu 1975: ruzuku ya kodi kwa wenye kipato cha chini hupanda kadiri mtu anavyolipwa, hutulia kwa kitambo, kisha hushuka, kwa takriban senti 16 kwa kila dola kwa mwenye mtoto mmoja na senti 21 kwa mwenye wawili au zaidi. Mzazi aliye kwenye mpando na mzazi aliye kwenye mteremko wanaweza kuniuliza swali moja, nami nikawapa majibu yanayopingana, yote mawili yakiwa sahihi.

Hata hivyo, sipendi mtu aamue kwa hesabu ya wiki moja peke yake. Zile 80 za ziada za malezi hazidumu: mtoto atakua, na siku gharama hiyo itakapokwisha, wa saa 40 atakuwa na njia pana zaidi. Michango ya pensheni hukatwa kwenye mshahara ghafi, kwa hiyo uzeeni ni ule mshahara mkubwa utakaohesabiwa, hata kama leo haukuonekana mkononi. Halafu kuna ujira wenyewe wa saa. Claudia Goldin, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwamba katika baadhi ya taaluma, hasa za biashara na sheria, anayefanya saa nyingi hulipwa zaidi hata kwa kila saa, huku katika kazi ambazo mfanyakazi mmoja anaweza kushika nafasi ya mwingine bila tabu, kama ufamasia, pengo hilo likiwa dogo. Kwa hiyo mimi humuuliza mzazi swali ambalo halihusu fedha moja kwa moja: siku usipokuwepo, kazi yako humsubiri nani? Kama mwenzako anaweza kuimalizia, saa chache hazitakugharimu sana kwa muda mrefu. Kama inakusubiri wewe, miaka kumi ya saa chache itaonekana kwenye cheo chako.

Jambo la mwisho ninaloliangalia kwenye barua ya mwajiri ni njia ya kurudi. Mkataba namba 175 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1994, unataka wenye saa chache walindwe kama wenzao wa saa kamili, na kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kuwe kwa hiari. Ujerumani tangu 2019 imewapa wafanyakazi wa kampuni zenye waajiriwa zaidi ya 45 haki ya kupunguza saa kwa kipindi maalumu, kisha kurudi kwenye saa zao za awali. Mahali pasipo na haki ya namna hiyo, kupunguza saa kwa ajili ya mtoto mdogo huweza kugeuka kuwa hali ya kudumu. Yule mama wa karatasi nilimshauri aombe iandikwe kwenye barua kwamba ataanza saa kamili mtoto atakapoanza kurudi nyumbani mwenyewe, na kwamba hadi hapo nafasi hiyo haitajazwa na mtu mwingine. Mwajiri alikubali nusu ya kwanza tu.