Mwani uleule, sumu tofauti: kazi ya virutubisho na bakteria

Wengi hudhani kazi yetu sisi tunaofuatilia mwani wenye sumu ni kuhesabu tu: chota maji, tazama kwenye hadubini, hesabu seli, na zikiwa nyingi waambie watu wasile kome, jamii ya chaza wanaokula mwani kwa kuchuja maji. Kuhesabu kuna faida, lakini hakutoshi. Ipo jenasi (kundi la spishi zinazofanana) ya mwani iitwayo Pseudo-nitzschia ambayo leo inaweza kujaa baharini bila kumdhuru mtu, na msimu mwingine ikajaa kiasi hichohicho ikaua. Kinachobadilika kati ya hali hizo mbili ndicho kinachonifanya niipende kazi hii, na naona tunakifundisha kidogo mno.

Pseudo-nitzschia ni dayatomu, yaani mwani wa seli moja unaojijengea ganda la silika, madini yaleyale ya kioo. Seli zake ni nyembamba kama sindano na huungana ncha kwa ncha. Dunia iliitambua hatari yake mwishoni mwa mwaka 1987, pale watu zaidi ya 100 nchini Kanada walipougua baada ya kula kome waliofugwa katika Kisiwa cha Prince Edward. Walianza kwa kutapika na kuharisha. Kisha baadhi yao wakapoteza kumbukumbu, na wapo ambao haikuwarudia. Wazee watatu walifariki. Sumu iliyogunduliwa ni asidi ya domoiki, ambayo ubongo huipokea kana kwamba ni glutamati, kemikali yake ya kawaida ya kupelekeana taarifa. Seli za neva husisimuliwa kupita kiasi hadi zinakufa. Kupika hakuiondoi.

Sasa tuje kwenye chakula cha mwani. Mtu angetarajia kwamba dayatomu iliyoshiba ndiyo yenye sumu nyingi, lakini maabara inaonyesha kinyume chake. Ikiwa na kila kitu hukua na kugawanyika haraka, na sumu huwa kidogo sana. Sumu hupanda pale ukuaji unapokwama kwa kuishiwa silika au fosforasi, ilhali nitrojeni na mwanga bado vipo. Maelezo ninayoyaona yana nguvu zaidi ni haya: bila silika seli haiwezi kujenga ganda jipya, kwa hiyo haigawanyiki, lakini usanisinuru unaendelea kuleta nishati na kaboni isiyo na pa kwenda. Asidi ya domoiki huwa mojawapo ya njia za kuitumia ziada hiyo. Kwa kuwa kila molekuli yake ina atomu ya nitrojeni, nitrojeni ikiisha uzalishaji nao hudorora.

Hapo ndipo shughuli za binadamu zinapoingia. Mbolea na majitaka huongeza nitrojeni na fosforasi baharini. Silika hutoka kwenye miamba inayomomonyoka, husafirishwa na mito, na mabwawa hunasa sehemu yake njiani. Uwiano ukipinda hivyo, ni rahisi silika kuisha kabla ya nitrojeni. Kwenye tope la chini ya bahari karibu na mdomo wa mto Mississippi, Marekani, maganda ya Pseudo-nitzschia yameongezeka tangu miaka ya 1950, kipindi ambacho nitrati ya mto huo, yaani nitrojeni iliyoyeyuka majini, ilipanda na silika ikapungua.

Bakteria wanaongeza ugumu, na utamu pia. Miaka ya mwanzo ya 1990, mtafiti Stephen Bates na wenzake nchini Kanada waliikuza Pseudo-nitzschia maabara na kuwaondoa bakteria wote kwa antibayotiki, dayatomu ikabaki peke yake. Ilikua vizuri, lakini sumu ilishuka sana. Bakteria waliporudishwa, sumu ikapanda mara kadhaa. Wapo waliodhani basi bakteria ndio wanaoitengeneza. Sivyo: mwani uliotakaswa bado ulitoa sumu, na mwaka 2018 jeni za kuitengeneza zilitambuliwa ndani ya dayatomu yenyewe. Bakteria wanamchochea mwenyeji wao.

Mwaka 2015 watafiti Shady Amin, Virginia Armbrust na wenzao walionyesha jinsi ujirani huu unavyoweza kuwa wa karibu. Bakteria wa jenasi Sulfitobacter walichukua triptofani, aina ya asidi amino, kutoka kwa dayatomu, wakaigeuza kuwa oksini, homoni ileile inayokuza mimea ya nchi kavu, wakairudisha, na dayatomu ikaongeza kasi ya kugawanyika. Bakteria waliipa dayatomu pia amonia, yenye nitrojeni, nao wakapata kutoka kwake taurini, kemikali wanayoitumia kama chakula. Si bakteria wote walio wema hivyo. Wengine hukandamiza ukuaji, na wapo wanaoua mwani. Halafu kuna vitamini B12, ambayo mwani hauwezi kujitengenezea na spishi nyingi haziishi bila hiyo. Hutengenezwa na bakteria na arkea (vijidudu vya seli moja vinavyofanana na bakteria) tu. Kwa hiyo hata maji yenye nitrojeni tele yanaweza kukosa kitu ambacho majirani wadogo tu ndio wanaoweza kukitoa.

Kupima sumu kwenye kome nako kuna mipaka. Mwaka 1998 simba wa baharini zaidi ya 400 walikufa kwenye pwani ya katikati ya California. Sumu iliwafikia kupitia dagaa waliokula dayatomu. Kome waliopimwa wakati huohuo hawakuwa na sumu, au walikuwa na chembe tu. Aliyetegemea kome peke yao angesema bahari ni salama.

Pseudo-nitzschia imesambaa katika bahari zote, na miji yetu ya pwani inamwaga majitaka kila siku. Majitaka hayo huleta nitrojeni nyingi kuliko silika. Ndiyo maana nawasihi wanaoanzisha ufuatiliaji wasiishie kwenye nitrati na hesabu ya seli. Pimeni silika na fosfati (fosforasi iliyoyeyuka majini) kwenye chupa hiyohiyo ya maji, hifadhini kichujio kimoja mlichochujia maji hayo kwa ajili ya DNA ya bakteria, na dagaa wapimwe sumu pamoja na kome.