Kabla ya Skrini, Nionyeshe Betri

"Fundi, nimeshanunua kila kitu: skrini ya ramani ya inchi 12, rada, AIS ya kuonyesha meli zilizo karibu, na redio mpya. Unakuja kufunga lini?" Simu za namna hii nazipokea mara kwa mara. Huyu nilimjibu kwamba nakuja, ila maboksi yasifunguliwe kwanza. Nataka kuona betri zinakokaa.

Boti ilikuwa ya mita 8, ya matembezi na uvuvi wa wikendi. Chini ya kiti cha nahodha nikakuta betri moja ya asidi imebeba kila kitu: stata, taa, pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayokusanyika chini ya boti) na friji. Nikamuuliza skrini ya zamani ina kosa gani. Akasema hujizima kila anapowasha injini. Nikaweka mita kwenye vichwa vya betri, nikamwomba awashe. Stata huvuta mamia ya ampea kwa sekunde chache, na betri iliyochoka haihimili, volti 12.6 zikaporomoka hadi 9 na kitu. Skrini ilikuwa nzima, ila ilinyimwa umeme. Hata ile mpya ingezimika vilevile. (Hilo la pili sikumwambia siku ileile. Alikuwa ameshalipa.)

Kwa hiyo kazi huanza hapo: betri ya stata peke yake, betri ya matumizi peke yake, na kati yao kifaa kinachoziunganisha wakati wa kuchaji tu.

Baada ya betri, nyaya. Waya wa nyumbani hauna kazi botini. Ule wa uzi mmoja mnene hukatika kwa mtikisiko, na shaba tupu ikipata unyevu wa chumvi huliwa kimyakimya ndani ya plastiki yake. Ukiuchuna unakuta umekuwa mweusi. Tumia waya wa nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati. Halafu piga hesabu ya unene, maana hapo ndipo wengi huteleza. Chukua kifaa kinachovuta ampea 10, kilicho mita 6 kutoka kwenye betri. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya wako ni mita 12. Ukitumia waya wa milimita mraba 2.5 unapoteza karibu volti 0.84 njiani, yaani asilimia 7. Ukitumia wa milimita mraba 6, unapoteza takriban 0.35. Kwa taa za kuongozea, redio na pampu, kipimo tunachofuata ni upotevu usiozidi asilimia 3, na kwenye volti 12 hiyo ni 0.36 tu. Waya mwembamba si lazima uwake moto leo wala kesho. Unakuletea pampu goigoi na redio inayokatika kila unapobonyeza kuzungumza, nawe unailaumu redio.

Fyuzi nayo iko pale kulinda waya, si kifaa. Ndiyo maana hukaa karibu na betri. Kanuni za ABYC, baraza la viwango vya boti la Marekani, kwa kawaida hutaka iwe ndani ya sentimita 18 hivi. Ukiiweka kule kwenye dashibodi, waya wote kutoka betri hadi hapo hauna mlinzi.

Sasa lithiamu, kwa sababu kila mtu ananiuliza. Zile zinazoandikwa LiFePO4 (lithiamu ya chuma na fosfeti) ni nzuri kweli. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 ukitaka idumu unatumia nusu yake tu. Ya lithiamu unaweza kutumia 80 au zaidi, na uzito wake haufiki nusu. Lakini usichomoe moja ukachomeka nyingine. Betri ya asidi ikianza kujaa hupunguza yenyewe inachopokea, ilhali lithiamu humeza chochote inachopewa karibu hadi mwisho. Altaneta, ile jenereta ya injini inayochaji betri, iliyozoea kupumzika hulazimika kutoa nguvu zake zote, na injini ikiwa inazunguka polepole feni yake haitoshi kuipoza. Inaungua. Tena, mfumo wa ulinzi ulio ndani ya betri ukikata ghafla katikati ya kuchaji, umeme uliokosa pa kwenda huruka juu na unaweza kuua diodi za altaneta (vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu). Dawa yake ni chaja inayokaa kati ya betri ya stata na ya lithiamu, yenye kikomo cha ampea, na betri ya stata ibaki ya asidi.

Vifaa vya siku hizi huongea kwa mtandao wa NMEA 2000, yaani waya wa pamoja wa kupashana data botini: waya mmoja wa uti wa mgongo, matawi yasiyozidi mita 6, na kizibo chenye ukinzani wa omu 120 kila ncha. Ukiona vifaa vinapotea na kurudi, zima umeme kisha pima kati ya nyaya mbili za data. Ukipata karibu omu 60, vizibo vyote viwili vipo. Ukipata 120, kimoja hakipo au waya umekatika. Kipimo hicho cha dakika moja kimeniokoa siku nzima za kuhangaika.

Ningeambiwa nichague kifaa kimoja tu kwa boti ndogo, ningechukua redio ya VHF (ya mawasiliano ya baharini) yenye DSC, mfumo wa kutuma wito kidijitali. Kile kitufe chake chekundu hutuma wito wa hatari pamoja na namba ya chombo, MMSI, yenye tarakimu 9, na mahali ulipo. Lakini mahali ulipo haitajui kama haijapata GPS, na nimefungua dashibodi nyingi nikakuta nyaya za redio za kupokea GPS zimefungwa tepu na kuachwa. Kuwa makini pia unapoingiza MMSI, kwani redio nyingi hazikuruhusu kuibadilisha mwenyewe ukishaikosea.

AIS inakuonyesha meli zinazojitangaza. Mtumbwi usio na kifaa hicho hutauona, kwa hiyo macho yabaki nje. Na taa mpya za LED zipime: tafuta chaneli iliyo kimya, punguza skwelchi (kitufe cha redio cha kuzima mvumo) hadi mvumo ukaribie kusikika, kisha washa taa. Mvumo ukizuka, taa hizo zinaziba redio yako, na AIS pia. Walinzi wa pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu jambo hilo mwaka 2018.

Dira ya sumaku usiing'oe. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ila usiifunge karibu na spika, maana sumaku ya spika huivuta ikadanganya.

Boti ya yule bwana ina betri mbili sasa, redio inajua iko wapi, na skrini ya zamani haijazimika tena. Ameihamishia kwenye kabini. Rada bado imo kwenye boksi, inasubiri waya wa milimita mraba 6.