Uchovu wa sindano ya homoni: kuchoka kusikoondoka kwa kulala

"Siko na nguvu, na leo sijafanya kitu."

Baba mkubwa aliyasema hayo saa nne asubuhi, amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani kwake, Katuba, hapa Lubumbashi. Alikuwa amejaribu kuinuka mara mbili. Mara ya kwanza alishika mikono ya kiti, akavuta pumzi, akajisukuma, akarudi chini. Mara ya pili alisimama, ila akaegemea ukuta kidogo kabla ya kupiga hatua. Huyu ni mtu aliyefanya kazi ya mgodi zaidi ya miaka thelathini, na sasa anachomwa sindano za homoni kwa ajili ya saratani ya tezi dume. Bidoni ya maji ya lita ishirini alikuwa akiibeba kwa mkono mmoja huku akiendelea kupiga soga na jirani.

Ukitaka maana ya uchovu wa tiba ya homoni kwa maneno machache, chukua hayo yake: kuchoka bila kazi. Uchovu tuliouzoea una sababu inayoonekana. Umelima, umebeba mizigo sokoni, umetembea juani kutoka mtaa wetu wa Kenya hadi katikati ya mji. Unakula, unalala, asubuhi umepona. Huu mwingine mtu anaamka nao. Analala masaa tisa na bado mwili ni mzito. Akishinda kitandani, jioni amechoka kuliko asubuhi. Mara nyingi unakuja na kichwa kizito pia: kusahau alichotaka kusema, kukosa hamu ya kuonana na watu, hasira za ghafla. Sentensi niliyoisikia zaidi katika miezi ile ni "uzee umeingia". Lakini uzee hauingii ndani ya miezi miwili, tena miwili iliyoanza siku ya sindano.

Saratani ya tezi dume, ambayo wengi wetu huku tunaiita prostati tu, inategemea homoni ya kiume, testosteroni, ili ikue. Mwaka 1941 huko Chicago, Charles Huggins na Clarence Hodges walionyesha kwamba ukiiondoa homoni hiyo, ugonjwa unarudi nyuma. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Zamani njia ilikuwa kuondoa korodani, na mpaka leo bado inatumika. Wengine wanachomwa sindano ya goserelini, leuprorelini au triptorelini, ya mwezi mmoja au ya miezi mitatu.

Namna sindano hii inavyofanya kazi ni ya kuchekesha kidogo. Ubongo hutuma amri kwa vipindi kwenda kwenye tezi ndogo iliyo chini yake, na tezi hiyo ndiyo inayoziambia korodani zitengeneze homoni. Dawa inaiga amri hiyo, ila haikomi. Fikiria mtu anabisha hodi mlangoni kwako usiku kucha. Mwanzoni unaitika, na ndiyo sababu siku za kwanza homoni hupanda, hata madaktari huongeza vidonge vya kuizuia. Baadaye unachoka kuitika, anabisha mpaka basi. Ndani ya wiki mbili hadi nne testosteroni inakuwa imeshuka hadi kiwango cha mtu aliyehasiwa.

Saratani inakosa chakula, na hilo ndilo tulilolitaka. Shida ni kwamba homoni ile haikuwa ikila sahani moja na saratani peke yake. Ndiyo iliyokuwa ikijenga misuli, ikilinda mifupa, ikiuhimiza uboho utengeneze damu. Ikiondoka, hemoglobini, ile inayobeba hewa ndani ya damu, hushuka. Kwa wengi hushuka kidogo, ila kidogo hicho kinasikika mtu akipanda ngazi. Katika utafiti uliotolewa na madaktari wa Boston mwaka 2002, baada ya wiki 48 za sindano mafuta ya mwili yalikuwa yamepanda kwa karibu 9%, na nyama isiyo mafuta imepungua kwa karibu 3%. Usiku nako kuna vipindi vya joto. Shuka linalowa jasho, mtu anaamka, anakwenda kukojoa, anarudi, usingizi umeshakatika.

Ndipo nilipoelewa kwamba baba mkubwa hakuwa amechoka bila kazi kama alivyodhani. Alikuwa akiubeba mwili uleule, tena ulioongezeka tumboni, kwa mapaja yaliyopungua. Kuinuka kitini, ambako miaka yote hakukuhesabiwa, sasa kulikuwa kazi kama kazi nyingine. Kuoga kazi. Kufunga viatu kazi. Kufika saa nne alikuwa ameshafanya kazi nyingi, na hakuna aliyeiona, hata yeye mwenyewe.

Sisi wa nyumbani tukaongezea yetu. "Papa, kaa tu, nitakuletea," mama mkubwa aliita kutoka jikoni kila kiti kilipolia. Wajukuu walileta maji, redio, kandambili. Kanisani alipelekwa kwa pikipiki, na kanisa liko umbali wa dakika kumi kwa miguu. Kwetu mgonjwa anapumzishwa. Akionekana ameshika ndoo, mtaa mzima utauliza nyumba ile ina watoto gani. Nami nilikuwa mmoja wa waliokimbilia ndoo. Kumbe misuli isiyotumika inapungua kwa kasi yake, juu ya ile ya sindano. Anachoka, anakaa, misuli inapungua, anachoka zaidi, tunamkazia akae zaidi. Mapenzi yetu yalikuwa yanamla taratibu.

Misuli inajua kubaki kwa kuambiwa, na sauti kubwa zinazoiambia ni mbili: homoni na mzigo. Sindano imeizima ya kwanza. Ya pili haijaguswa. Msuli ukibebeshwa kitu kizito kuliko ulivyozoea, hata kwa mtu asiye na testosteroni, unaanza kujikarabati na kujiimarisha. Kwa hiyo mazoezi hapa tuyaweke upande wa dawa, yenye kipimo chake na siku zake. Kumwambia mgonjwa "jitahidi kujinyoosha kidogo" ni sawa na kumwambia meza dawa kidogo, bila kusema ipi wala mara ngapi.

Hili limepimwa. Huko Kanada, Roanne Segal na wenzake walitoa mwaka 2003 matokeo ya wanaume 155 waliokuwa kwenye tiba ya homoni. Kundi moja lilinyanyua vyuma mara tatu kwa wiki kwa wiki 12, jingine likasubiri zamu. Walionyanyua walisumbuliwa na uchovu kidogo kuliko waliosubiri, na nguvu zao zikaongezeka. Mwaka 2010 Daniel Galvão na wenzake wa Australia walichanganya vyuma na mazoezi ya kuharakisha pumzi kwa wanaume 57, nao wakaona nafuu ya aina hiyo. Mwaka 2014 taasisi ya NICE ya Uingereza ikaandika kwenye mwongozo wake kwamba wanaume wa tiba hii wapewe mazoezi yenye msimamizi angalau mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, na sababu iliyotajwa ni uchovu.

Swali aliloniuliza baba mkubwa mara moja ni hili: "Na nikipata misuli, ile homoni haitaamka ikalisha ugonjwa?" Ni swali la mtu mwenye akili. Watafiti walilipima pia. Mazoezi hayakupandisha testosteroni wala PSA, kile kipimo cha damu kinachofuatilia saratani hii. Mlango uliofungwa na sindano unabaki umefungwa.

Yeye hajawahi kuingia jimu na hataingia. Tukaanza na tulivyo navyo, na cha kwanza ni kiti kilekile cha plastiki, kikiwa kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Anakaa, anakunja mikono kifuani, anasimama wima, anakaa tena polepole bila kujiangusha. Mara nane, anapumzika dakika mbili, mara nane tena. Siku za kwanza hakuweza bila kushika, basi akashika. Halafu kuna bidoni mbili za lita tano, moja kila mkono, anazinyanyua hadi usawa wa kifua. Napenda maji kuliko vyuma kwa sababu yanaongezeka taratibu unavyotaka: wiki hii nusu bidoni, wiki ijayo kikombe kimoja juu yake, hadi zijae. Cha tatu ni kuusukuma ukuta kwa mikono miwili, miguu ikiwa hatua moja nyuma. Siku mbili kwa wiki zinatosha, zisifuatane. Kipimo cha uzito ni kwamba zile mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Kama anamaliza huku anasimulia habari za mpira, maji ni machache.

Siku nyingine ni za kutembea, angalau tatu kwa wiki, lengo likiwa dakika 30 kwa mwendo ambao mtu anaweza kuongea ila hawezi kuimba. Alianza na dakika kumi, nyingine akazipata njiani. Lubumbashi inatusaidia hapa, mji wenyewe ni tambarare. Ndugu zetu wa Bukavu wana vilima vya kuwatosha bila kutafuta mzigo mwingine. Juni na Julai asubuhi ni baridi, anangoja jua lichomoze. Oktoba ni kinyume: joto la nje likikutana na lile la sindano, kutembea saa sita ni adhabu. Basi anatoka kungali na ubaridi.

Siku ambazo mwili umekataa kabisa, tulikubaliana dakika tano tu, kisha aamue. Mara nyingi anaendelea. Mara nyingine anarudi kulala, na haulizwi.

Chakula nitakigusa kidogo. Bukari na sombe vinashibisha, ila msuli unaojengwa unataka ndagala, maharage, karanga, yai likipatikana.

Sasa mambo ambayo hayafanyiwi mzaha. Kabla ya bidoni yoyote, muulize daktari kama ugonjwa umefika mifupani, na ni mfupa gani. Aliyeguswa uti wa mgongo au nyonga bado anaweza kufanya mazoezi, lakini yaliyochaguliwa na mtaalamu wa viungo ili yasilemee pale palipodhoofika. Maumivu mapya ya mgongo, miguu kulegea au kufa ganzi, mkojo au choo kushindwa kuzuilika: hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu huenda uti wa mgongo unabanwa, na kukawia kunaweza kumwacha mtu amepooza. Maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha hapohapo. Wala si kila uchovu ni wa sindano. Huku kwetu malaria inachosha, damu ikipungua sana inachosha, sukari inachosha, na huzuni nayo inachosha sana ingawa wazee hawaisemi. Vipimo vya damu vitangulie mazoezi.

Namna ya kujua kama yanasaidia ni rahisi: saa ya simu na kile kiti. Hesabu mtu anasimama na kukaa mara ngapi ndani ya sekunde 30. Wiki ya kwanza baba mkubwa alipata sita, akishika. Wiki ya kumi na mbili alipata kumi na moja, mikono kifuani, akadai nimeihesabu moja vibaya.

Sindano zinaendelea. Bado analala kidogo baada ya chakula cha mchana, bado anaamka usiku shuka limelowa, na kuna wiki anarudi kwenye nusu bidoni. Ila juzi niliwakuta barazani, yeye kitini, mama mkubwa kwenye mkeka anachambua maharage. Akaomba maji. Mama mkubwa hakuinua hata uso.

"Maji iko jikoni, papa."