Je, wajua kwa nini watu wanaojiita nonbainari wameongezeka?

Kwenye fomu nyingi za Tanzania kuna mstari usiochukua hata sekunde mbili kuujaza: "Jinsi: Me / Ke". Unaweka alama ya vema, unahamia kwenye sanduku la posta. Mwaka 2021 idara ya takwimu ya Kanada ilibadilisha mstari huo katika fomu ya sensa, na matokeo yalipotoka Aprili 2022 yakawa gumzo: watu 41,355 wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikuwa wamehesabiwa kuwa nonbainari, yaani hawajiweki upande wa kiume tu wala wa kike tu. Sensa ya 2016 ilipata wangapi? Sifuri. Fomu ya 2016 ilikuwa na viboksi viwili tu, na aliyeona havimfai aliambiwa aviache wazi, kisha aeleze sababu kwenye sehemu ya maoni.

Sifuri hadi 41,355 ndani ya miaka mitano. Ukiisoma hivyo utadhani kuna kitu kimelipuka Kanada. Jibu la kwanza la swali letu liko hapo, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko mengine yote: wameongezeka kwa sababu safari hii waliulizwa.

Kwanza tuelewane ni nani anayezungumziwa. Nonbainari ni mtu asiyejiona kuwa mwanamume wala mwanamke, au anayejiona yuko katikati, au leo huku kesho kule. Hapa jambo ni jinsia, yaani mtu anavyojitambua na kuishi mbele ya wenzake, si jinsi, yaani maumbile aliyozaliwa nayo. Kwa hiyo tusimchanganye na huntha, ambaye mwili wake wenyewe ulizaliwa na alama zisizoangukia upande mmoja. Mahuntha Kenya iliwahesabu katika sensa ya 2019, wakapatikana 1,524. Hiyo ni hesabu nyingine. (Na aliyekuja kutafuta fatwa au mahubiri asije akasema hakuambiwa: makala hii inahusu hesabu.)

Turudi Kanada. Fomu mpya ilikuwa na maswali mawili. La kwanza: jinsi uliyozaliwa nayo. La pili: jinsia yako ya sasa, na chini yake kiboksi cha mwanamume, kiboksi cha mwanamke, na mstari mtupu wa kuandika mwenyewe. Kati ya watu takriban milioni 30.5, hao 41,355 ni kama 14 kwa kila watu 10,000. Wachache. Lakini kumbuka sensa inavyojazwa: mara nyingi mtu mmoja hujibu kwa niaba ya kaya nzima. Kijana wa miaka 17 ambaye hajamwambia baba yake kitu, na baba ndiye mwenye fomu, ataingia kwenye kiboksi alichochaguliwa. Kwa hiyo sishangai kwamba dodoso ambazo mtu hujijibia mwenyewe hutoa namba kubwa zaidi.

Uingereza mambo yalikwenda kombo kwa namna ya kuchekesha kidogo. Sensa ya 2021 ya England na Wales iliuliza, kwa hiari, wenye miaka 16 na zaidi: je, jinsia unayojitambulisha nayo ni sawa na jinsi uliyosajiliwa nayo ulipozaliwa? Nimelitafsiri swali hilo na bado imebidi nilisome mara mbili. Watu 262,000 walijibu "hapana". Kisha wachambuzi wakagundua kwamba Newham na Brent, maeneo ya London yaliyojaa wahamiaji, yalikuwa miongoni mwa yaliyoongoza kwa watu waliobadili jinsia. Yeyote aliyewahi kujaza fomu ya serikali kwa lugha yake ya tatu anajua kilichotokea. Mwaka 2023 ofisi ya takwimu ilikiri kwamba huenda baadhi ya watu wasiojua Kiingereza vizuri hawakulielewa swali, na mwaka 2024 takwimu hizo zikavuliwa hadhi ya takwimu rasmi zilizothibitishwa.

Hata hivyo, kundi la nonbainari halikutikiswa sana na kasoro hiyo. Watu wapatao 30,000 walijieleza hivyo kwa kuandika wenyewe, na mtu haandiki neno kama hilo kwa bahati mbaya. Wanaotiliwa shaka zaidi ni wale 118,000 waliosema "hapana" bila kuongeza neno.

Na neno ni sababu ya pili. Mtu wa miaka ya 1970 aliyejihisi hivi angejieleza vipi, kwa nani? Neno nonbainari lilizunguka kwanza kwenye vikundi vidogo vya wanaharakati, likatoka nje hasa baada ya 2010, intaneti ilipolisukuma. Februari 2014 Facebook iliwapa watumiaji wake wa Marekani zaidi ya chaguo 50 za jinsia. Septemba 2019 mwanamuziki Sam Smith wa Uingereza aliomba asiitwe tena kwa kiwakilishi cha kiume. Mwezi huohuo kamusi ya Merriam-Webster iliongeza maana mpya ya "they", kiwakilishi cha Kiingereza cha wingi: mtu mmoja ambaye ni nonbainari. Mwishoni mwa mwaka kiwakilishi hicho kikatangazwa neno la mwaka.

Hapa sisi wa Kiswahili tunabaki tumekodoa macho. Ugomvi wote huo wa nini? "Alikuja, akala, akalala." Ni nani huyo, kaka au dada? Sarufi yetu haijali. Mwenzetu akizungumza Kiingereza humwita mama yake kwa kiwakilishi cha kiume bila kukusudia, watu wakacheka. Kiingereza cha kawaida hakikupi nafasi kubwa ya kunyamaza: ukimtaja mtu kwa kiwakilishi, mara nyingi unasema ni wa upande gani, kwa hiyo anayejiona hana upande hana budi kulizungumza jambo lake kila siku. Mfasiri wa Kiswahili naye akiandika kwamba Sam Smith anaitwa "wao", msomaji atauliza wako wangapi. "Yeye" ilitosha tangu mwanzo.

Tusijisifu mapema, lakini. Jinsia ambayo hatuiweki kwenye kitenzi tunaiweka kwenye salamu. Huwezi kuingia dukani ukanunua sukari bila kumwita mtu baba, mama, dada, kaka au shangazi.

Sasa umri. Utafiti wa mwaka 2022 wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, ulikuta asilimia 3 ya watu wazima walio chini ya miaka 30 wakijitambulisha kuwa nonbainari, wakati kwa waliofika 50 na zaidi, ukijumlisha nonbainari na waliobadili jinsia, haikufika hata nusu ya asilimia moja. Kanada nako wastani wa umri wa nonbainari ulikuwa miaka 30, na miji mikubwa iliyoongoza, kulingana na wakazi wake, kwa nonbainari na waliobadili jinsia kwa pamoja ni Victoria, Halifax na Fredericton, yote ikiwa na vyuo vikuu.

Ndipo mjadala unapochemka. Wapo wanaosema vijana wanafuata mkumbo: mmoja darasani akijitangaza, na wengine nyuma yake. Wapo wanaosema wazee nao walikuwa hivyo, ila walikwisha kujipanga upande mmoja, wakaoa, wakaolewa, wakanyamaza. Sioni kwa nini lazima iwe moja tu. Jamie Shupe, aliyepata amri ya mahakama katika jimbo la Oregon mwaka 2016 ya kutambuliwa kuwa nonbainari, wa kwanza Marekani, baadaye alirudi kwenye jinsi aliyozaliwa nayo. Mwimbaji Demi Lovato alijitangaza 2021, na mwaka uliofuata akasema viwakilishi vya kike navyo anavikubali tena. Wengine hawajabadilika kwa miongo. Jina moja linabeba waliofika na walio njiani.

Na huenda namba zisiendelee kupanda. Oktoba 2025 mtafiti Eric Kaufmann alichapisha uchambuzi wa dodoso za wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani: waliojieleza nje ya uanaume na uanamke walikuwa asilimia 6.8 mwaka 2023, wakashuka hadi 3.6 mwaka 2025. Wenzake wamebishana naye kuhusu namna alivyozipima takwimu hizo.

Sheria nayo imegeuka. Oktoba 2021 Marekani ilitoa pasipoti ya kwanza yenye alama ya X badala ya M au F, na Aprili 2022 ikaruhusu kila raia aiombe. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Trump alisaini amri kwamba serikali itatambua wanaume na wanawake tu, na Novemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikaruhusu pasipoti zifuate amri hiyo wakati kesi ikiendelea. Kwa hiyo atakayewatafuta nonbainari kwenye maombi mapya ya pasipoti za Marekani atapata kile Kanada ilichopata mwaka 2016: sifuri.