Kushambulia katika Risk: hesabu ya askari watakaobaki

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu wa hisabati mada ya uwezekano kwa kutumia Risk, mchezo wa vita wa mezani uliobuniwa na Mfaransa Albert Lamorisse na kutolewa mwaka 1957. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni hili: mchezaji hupiga hesabu ya kulitwaa eneo lililo mbele yake, lakini hajiulizi atabakiwa na askari wangapi akishalitwaa, wala watakuwa wamesimama wapi zamu ya mpinzani itakapofika.

Tuanze na dadu. Anayeshambulia hurusha zisizozidi 3 na anayejilinda zisizozidi 2; kubwa hulinganishwa na kubwa, inayofuata na inayofuata, na zikilingana anayejilinda ndiye mshindi; anayeshindwa katika kila ulinganisho hupoteza askari mmoja. Kanuni hiyo ya sare huwafanya wengi waamini kwamba kukaa na kusubiri ni salama zaidi, jambo ambalo hesabu inalikataa. Katika kila mara 100 za kurusha dadu 3 dhidi ya 2, anayeshambulia hupoteza kwa wastani askari 92, na mwenzake hupoteza 108. Hata hivyo, zikiwa 2 dhidi ya 2 mambo hugeuka kabisa, kwani mshambuliaji hupoteza 122 na mwenzake 78 tu. Kwa kuwa askari mmoja hulazimika kubaki nyuma, dadu 3 zinahitaji askari 4; ndiyo maana nasisitiza kwamba ukishuka hadi 3, na mbele yako wapo 2 au zaidi, shambulizi lisimame hapo hapo.

Eneo linalolindwa na askari mmoja hudanganya kwa namna nyingine. Kwa dadu 3 unamshinda karibu mara 66 katika 100, na kumwondoa hugharimu wastani wa nusu ya askari, kwa hiyo linaonekana kama la bure. Lakini kila unaposonga mbele unamwacha mtu nyuma. Maeneo 5 ya aina hiyo yaliyofuatana hula karibu askari 8: kati ya 2 na 3 huanguka kwenye dadu, na 5 wanabaki njiani, mmoja mmoja, wakimsubiri adui awaokote.

Chukua mfano wa Afrika ya kwenye ubao, ambayo humpa mwenye kuishika yote askari 3 wa ziada kila zamu. Eneo liitwalo Afrika Mashariki linapakana na maeneo yote mengine 5 ya bara hilo, na kwenye matoleo mengi linafikika pia kutoka Mashariki ya Kati. Tuseme una askari 12 Mashariki ya Kati, na mpinzani anayeshika bara zima ameweka 3 Afrika Mashariki na mmoja mmoja Kongo, Afrika Kusini na Madagaska. Ukiitwaa Afrika Mashariki utakuwa umeshamnyima wale 3 wa ziada na umeshajipatia kadi yako ya zamu, anayopewa kila aliyeteka eneo, ambayo ni moja tu hata ukiteka maeneo 10, na utakuwa na askari wapatao 9 mahali pamoja. Ukiendelea kupitia Kongo na Afrika Kusini hadi Madagaska, utamaliza na 4 au 5 kisiwani, nyuma yako pakiwa wazi. Mimi husimama Afrika Mashariki.

Ipo hali moja ambayo kutawanyika kunastahili, nayo ni pale unapoweza kumwondoa mchezaji mwenye kadi nyingi. Kadi zake zinakuwa zako, na zikifika 6 au zaidi ukichanganya na zako, unalazimika kuzibadilisha papo hapo, katikati ya zamu, upate askari wapya wa kuendelea nao. Kwa kanuni za kawaida seti ya kwanza ya kadi 3 huleta askari 4, zinazofuata 6, 8, 10, 12 na 15, kisha 20, kwa hiyo mwishoni mwa mchezo seti moja huweza kurudisha yote uliyoyaacha njiani. Kabla ya kuanza safari hiyo huyagusa maeneo yake kwa kidole, moja baada ya jingine, nikitafuta njia itakayoyapitia yote, kwa sababu likibaki moja nisiloweza kulifikia, kadi zitabaki mkononi mwake na jeshi langu litakuwa limeshatapakaa.