Mtaro, Mfadhili na Maneno ya Barazani

Masika yakishika Dar es Salaam, baraza za mitaa ya bondeni huwa na wimbo mmoja: "Tungepata mfadhili, mtaro huu ungekwisha." Nimeuimba mwenyewe. Kisha nikachaguliwa katibu wa kamati ya mazingira ya mtaa wetu, nikakaa miaka minne na daftari la mihutasari kwapani, na beti nyingi za wimbo ule zikanishinda. Ruzuku inasaidia mtaa, tena sana, ila si kwa namna inayodhaniwa. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara.

"Mfadhili akija, watu wataungana"

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lililobebwa kichwachini. Fedha huwakuta watu wameshaungana. Zikiwakuta hawajaungana, huwatenganisha zaidi. Hakuna kinachogombanisha majirani kama milioni kumi zisizojulikana nani anazihesabu.

Chukua Hananasifu, Kinondoni, mtaa uliojengwa bila mpango kando ya bonde la Msimbazi, umbali mfupi tu kutoka katikati ya jiji. Kabla ya miaka ya tisini kufika katikati, mvua ikinyesha maji yaliingia vyumbani, na maji ya vyoo pamoja nayo. Mradi wa kuuboresha mtaa huo ulianza mwaka 1994, na awamu ya pili ikaendelea hadi mwaka 2000. Kati ya waliotoa fedha walikuwemo Ford Foundation, taasisi ya Kimarekani, na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. ILO, Shirika la Kazi Duniani, walileta utaalamu wa kazi za mikono, na wataalamu wa chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi walikuwa karibu. Lakini jambo lililoufanya mradi ule uzungumzwe hadi leo ni jingine: wakazi walikuwa na kamati yao ya maendeleo waliyoichagua, na mikataba ya kazi ilipewa jamii yenyewe badala ya mkandarasi wa nje. Wakazi, wanawake wakiwemo, walichimba na kujenga mitaro na barabara za changarawe, wakalipwa ujira.

Tazama hesabu yake. Shilingi iliyotoka kwa mfadhili ilijenga mtaro, halafu ikaingia dukani kwa Mangi wa kona, halafu ikalipa ada ya mtoto. Na kuna faida ambayo haiandikwi kwenye ripoti: mtu aliyechimba mtaro kwa mikono yake humkasirikia jirani anayemwaga taka ndani yake. Mtaro wa mkandarasi hauna wa kuukasirikia.

Nikiulizwa na vijana wa mtaa mwingine waanzie wapi, huwajibu waangalie misiba yao. Mtaa unaoweza kumsitiri mtu wake siku ileile, turubai limefungwa, viti vimepatikana, chai imechemka, na daftari la rambirambi limefungwa jioni bila senti kupotea, mtaa huo unajua kusimamia mradi. Haujui tu kwamba unajua. Kuna vikoba, kuna upatu wa akina mama, kuna jumuiya ndogondogo, kuna timu ya mpira yenye mweka hazina mkali kuliko wa benki. Wapare na Wasambaa wana msaragambo wao tangu zamani: siku moja watu wanatoka na majembe, njia inapita. Ruzuku nzuri hukaa juu ya hivi. Inayokuja na kamati yake mpya, jina jipya na fulana mpya, huondoka na fulana zake.

"Ruzuku ni hela ya bure"

Kwanza, si kila kinachoitwa ruzuku ni ruzuku. Nimewahi kuwaona akina mama kumi wa kikundi kimoja wakisherehekea "ruzuku ya halmashauri", ambayo kumbe ni ile asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliifanya kuwa wajibu wa kila halmashauri, na haina riba. Lakini ni mkopo. Hurudishwa. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejea mwaka uliofuata, na moja ya kero zilizotajwa sana ni fedha zisizorejeshwa. Sehemu ya kero hiyo, kwa maoni yangu, ilizaliwa siku ile watu walipoambiwa jukwaani kwamba "mama kawaletea hela".

Pili, hata ile ambayo mtaa haurudishi, mara nyingi kuna anayeirudisha. Kati ya mwaka 2005 na 2012 hivi, maeneo 31 ya Dar es Salaam yaliyojengwa bila mpango, Manzese na Buguruni Mnyamani yakiwemo, yalipata barabara, mitaro na taa kupitia mpango wa kuboresha miundombinu ya jamii. Fedha zake nyingi zilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa serikali. Vivyo hivyo TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulioanza mwaka 2000, umebebwa kwa kiasi kikubwa na mikopo ya namna hiyo. Kwa mkazi wa Manzese ile ni ruzuku. Kwa mjukuu wake mlipa kodi ni deni. Sisemi tusiipokee. Nasema anayekula mfuko wa saruji wa mradi hajamwibia Mzungu.

Tatu, kuna mchango wa wananchi. Wafadhili wengi hutaka mtaa utoe chochote: fedha taslimu kidogo, mchanga, kokoto, siku za kazi, au eneo. Watu hunung'unika, "Kama wana hela, kwa nini watuombe?" Mimi nilinung'unika pia mpaka nilipoona tofauti. Kaya iliyotoa elfu mbili huja kikaoni kuuliza elfu mbili yake imefika wapi, na ikishauliza ya kwake, huuliza na ya mfadhili.

"Bila kuwa na mtu ndani hupati kitu"

Wapo wanaopata kwa kujuana, sitakudanganya. Lakini andiko letu la kwanza la kuomba ruzuku halikukataliwa kwa sababu hatukuwa na mjomba ofisini. Lilikataliwa kwa sababu muhtasari wa kikao tulioambatisha ulikuwa na mahudhurio ya watu 43 na saini 11. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Watu walikuja kweli, wakachangia kweli, mvua ikatishia, kila mtu akakimbilia nguo zake kambani, nami sikupitisha daftari.

Mambo yanayoangusha vikundi ni madogo na ya kuchosha: cheti cha usajili kilichokwisha muda, akaunti ya benki yenye mtia saini mmoja, katiba iliyonakiliwa kutoka kikundi cha ufugaji kuku ilhali ninyi mnaomba kizimba cha taka. Kenya wametunga sheria mahsusi ya kusajili vikundi vya jamii mwaka 2022, inayodai angalau watu kumi. Chama kisicho na karatasi kikipeleka ombi leo kinapoteza nauli. Kwetu, anza kwa mtendaji wa mtaa na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Wanajua njia, na ofisi zao hazina foleni kama unavyodhani.

Na mlango si mmoja. Mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, unaoendeshwa na UNDP tangu mwaka 1992, hutoa fedha moja kwa moja kwa vikundi vya jamii na asasi, kikomo cha mradi wa kawaida kwa miaka mingi kikiwa dola 50,000. Kamati inayoamua katika kila nchi wengi wake hutoka nje ya serikali. Hapa Tanzania kuna Foundation for Civil Society, ambayo imetoa ruzuku kwa asasi kubwa na ndogo kwa miaka zaidi ya ishirini.

"Hela ni ya mheshimiwa"

Hapana. Mfuko wa Jimbo Tanzania umewekwa na sheria ya mwaka 2009. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake, lakini fedha ni za bajeti. Kenya wana mfuko wao tangu mwaka 2003, na mahakama zao zimeupiga chini zaidi ya mara moja, hoja moja ikiwa ni hiyohiyo ya mtunga sheria kusimamia matumizi. Kibao cha mradi chenye picha ya mtu kubwa kuliko maandishi ya gharama kinakwambia unachohitaji kujua.

"Hela ikiwa nyingi, mtaa unabadilika haraka"

Hela nyingi hubadilisha haraka mwenyekiti. Kikundi ambacho hakijawahi kushika zaidi ya laki tano kikipewa milioni mia moja, mwezi wa kwanza kinanunua kompyuta, wa pili kinagombana. Ndiyo maana wafadhili makini hutoa kwa awamu, na awamu ya pili haiji mpaka hesabu ya matumizi ya ile ya kwanza iwe na risiti. Watu huiita usumbufu. Ni kinga.

Katika miradi ya fosi akaunti, yaani ile inayojengwa bila kumpa kazi mkandarasi, tumezoea kamati tatu: ya manunuzi, ya mapokezi, na ya ujenzi. Anayenunua saruji si yeye anayeipokea, na anayeipokea si yeye anayeitumia. Nakumbuka mama mmoja muuza vitumbua aliyekuwa kamati ya mapokezi. Gari lilipofika alihesabu mifuko mara mbili, kisha akamwambia dereva kwa upole, "Mwanangu, kalete na ile mitatu uliyoisahau." Hakuwa amesoma kozi ya ukaguzi. Alikuwa amezoea kuhesabu vitumbua vyake kila asubuhi kabla ya kuvikabidhi kwa wachuuzi.

"Utepe ukikatwa, mradi umekwisha"

Siku ya utepe ndiyo mradi huanza kufa au kuishi. Mtaro usiozibuliwa hujaa mchanga, chupa na pampasi ndani ya masika mawili. Taa ikiungua hakuna mfadhili anayerudi kubadilisha balbu. Swali la nani atazibua, kwa hela gani, lilitakiwa kuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko, na karibu kila mara huwa kwenye wa mwisho, katika sentensi moja: "jamii itautunza".

Kibera, Nairobi, wanalijibu vizuri kidogo. Tangu mwaka 2006 wakazi wakishirikiana na Kounkuey Design Initiative wamegeuza sehemu za kingo za mito zilizokuwa jalala kuwa maeneo ya watu wote: hapa vyoo, pale pa kufulia, kwingine uwanja wa watoto na vibanda. Ujenzi ulilipiwa na wafadhili. Matunzo yanategemea mapato ya papo hapo, kama ada ndogo ya choo na kodi ya kibanda, na kikundi cha wakazi ndicho kinachoyashika.

Gazi, Kwale, pwani ya Kenya, wamekwenda mbali zaidi. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza kwa kushikwa mkono na watafiti na wafadhili, lakini tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao, hekta 117, yaani hulipwa na wanaotaka kufidia hewa chafu wanayoitoa wao, na mapato yamekwenda kwenye maji na shule, watu wenyewe wakiamua barazani. Si kila mtaa una mikoko. Karibu kila mtaa una eneo la wazi ambalo mtu angelipa kupanga meza ya nyanya.

"Mtaa ukipendeza, tunafaidi wote"

Hapa wakereketwa wenzangu hawapendi niendelee. Hananasifu mitaro ilipojengwa na barabara zikapitika, kodi za nyumba zilipanda. Ni jambo la kawaida: chumba kisichofurika ni ghali kuliko kinachofurika. Mwenye nyumba alishangilia. Mpangaji, aliyekuwa amechimba mtaro ule pamoja naye, baadhi ya wakati alifungasha virago kwenda kutafuta bonde jingine.

Na katika mitaa yetu wapangaji ndio wengi, ila kwenye vikao ndio wachache. Sisi tuliitisha vikao saa nne asubuhi Jumatano kwa miaka miwili, tukishangaa kwa nini wanakuja wazee wenye nyumba tu. Wapangaji walikuwa Kariakoo, wapo kazini. Mjumbe mmoja alipopendekeza Jumapili jioni tulimwona mkorofi.

Jumapili ya kwanza walikuja watu waliotuzidi mabenchi. Binti mmoja anayepanga chumba cha uani alisimama, akatazama ramani yetu ya taa sita za mtaa iliyobandikwa ukutani, akasema zote ziko mbele ya mageti, na hakuna hata moja kwenye kichochoro wanachopita wao saa kumi na moja alfajiri kwenda kituoni. Kimya kikapita. Mzee mwenye nyumba aliyekuwa amepata taa mbili akajikuna kidevu, akasema moja ihamishwe. Safari hii nilipitisha daftari.