Misuli ya Sakafu ya Nyonga Si Uke, Wala Si Kizazi

Kwenye mabanda ya dawa za asili hapa Ngamiani, mjini Tanga, mama aliyetoka arobaini karibuni huuziwa kipande cha shabu kilichoviringishwa kwenye karatasi, akaelezwa kwamba kitamkaza "misuli ya uke iliyolegea". Maneno hayo hayo nimeyasikia kwenye shughuli za akina mama, na sasa hata vijana waliosoma huyatumia bila kujiuliza ni misuli ipi hasa inayosemwa, nayo iko wapi.

Misuli ya sakafu ya nyonga ni tabaka la nyama linaloziba uwazi wa chini wa mifupa ya nyonga, kuanzia mfupa wa kinena upande wa mbele hadi kifandugu upande wa nyuma, na pembeni limeshikamana na kuta za ndani za nyonga. Msuli wake mkuu wataalamu huuita levata ani, nao una sehemu tatu. Kwa mwanamke, njia tatu hupita katikati yake: mrija wa mkojo, uke na njia ya haja kubwa. Juu yake hukaa kibofu, kizazi na puru.

Uke, basi, ni njia inayopita kwenye misuli hiyo, na wala si misuli yenyewe. Ni kweli kwamba ukuta wa uke nao una nyama, lakini nyama hiyo ni ya aina isiyotii amri ya mtu, kama ile ya utumbo. Levata ani ni msuli wa aina ile ile iliyoko mkononi na mguuni: mtu anaweza kuukaza na kuulegeza kwa hiari yake, ingawa tofauti na ule wa mkono, huu hubaki umekaza kidogo muda wote, hata mwenyewe akiwa usingizini, na hujikaza zaidi anapokohoa, anapocheka au anapojitwisha ndoo. Shabu ikiwekwa ukeni hukausha na kuchubua ngozi laini ya ndani, na mkauko huo ndio unaodhaniwa kuwa ni kukaza. Msuli wenyewe hauguswi hata kidogo. Mkaja nao, ambao mama zetu wameufunga kwa vizazi vingi, hushika ukuta wa tumbo. Hauwezi kufika chini huko.

Sehemu ya levata ani iliyo ndani zaidi inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo inayoumia zaidi. Hutoka nyuma ya mfupa wa kinena, ikaizunguka njia ya haja kubwa kwa nyuma, ikarudi mbele upande wa pili kama kombeo, na kwa kuivuta mbele huipinda njia hiyo kwa pembe inayokaribia nyuzi 90, ili choo kisitoke ovyo. Mtu anapochuchumaa chooni msuli huo hulegea na pembe ikafunguka. Makadirio yaliyofanywa kwa kompyuta yameonyesha kuwa kichwa cha mtoto kinapopita, baadhi ya nyuzi za levata ani zilizo karibu na katikati hunyooka hadi zaidi ya mara tatu ya urefu wake, jambo ambalo nyama ya mkono isingelistahimili. Wakati mwingine sehemu hii ya ndani hubanduka kutoka kwenye mfupa wa kinena, hasa mtoto anapotolewa kwa koleo, na kwa nje pasionekane jeraha lolote. Kwa sababu hiyo, mshono wa msamba alioupata mama kwa kuchanika au kuongezewa njia hautoshi kumwambia mtu hali ya levata ani. Msamba unaweza kupona vizuri ilhali msuli wa ndani bado ni dhaifu.

Kizazi nacho husingiziwa. Kizazi hakishikiliwi na msuli huu peke yake, bali pia na kano zinazokivuta pembeni na nyuma, na msuli ukidhoofika mzigo wote huangukia kano hizo, nazo hunyooka taratibu kwa miaka. Kinachoitwa "kizazi kulegea" mara nyingi ni vishikizo vilivyochoka, na kizazi chenyewe ni kizima.

Mazoezi ya misuli hii yalipata umaarufu kutokana na maandishi ya daktari Mmarekani, Arnold Kegel, ya mwaka 1948. Mama hukaza kama anayezuia hewa isitoke nyuma, huku akipumua kawaida bila kubana tumbo wala makalio, hushikilia kwa sekunde chache, kisha hulegeza kabisa. Kulegeza huko ni nusu ya zoezi, kwa kuwa wapo wanawake ambao msuli wao umekaza kupita kiasi, na taabu yao ni maumivu na choo kigumu. Hao hawahitaji kukaza zaidi. Tena, kukatiza mkojo katikati kusifanywe kuwa zoezi la kila siku, maana kibofu huzoea kutomaliza.

Kwa hiyo mwenzako akikwambia kwamba misuli ya uke wake imelegea, mweleze kwa upole kwamba uke hauna kosa, kisha muulize kama mkojo humtoka bila kutaka, na humtoka wakati gani. Ukimtoka akikohoa au akiinua ndoo, yamkini ni sakafu ya nyonga, na mazoezi aliyoelekezwa na mtaalamu humsaidia mama wa namna hiyo. Ukimtoka mfululizo usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, huenda ni fistula, yaani tundu lililotokea baina ya kibofu na uke kwa sababu nyama ilibanwa na kichwa cha mtoto hadi ikakosa damu. Huyo aende hospitali mapema bila kupitia kwenye shabu wala mazoezi, kwa kuwa tundu lililokwisha kukomaa huzibwa kwa upasuaji.